Kikao cha Sinza

Mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni moja kubwa ilituletea rasimu ya mkataba. Ilitaka kununua sehemu ya tovuti yetu ya matangazo madogo ya Dar es Salaam: vyumba vya kupanga, vyombo vya ndani, pikipiki, mafundi, nafasi za kazi. Fedha iliyotajwa mle ingelipia seva na SMS kwa miaka mingi. Tukakutana Sinza jioni, wote tuliokuwa tunaiendesha, tukaisoma kifungu kwa kifungu.

Kilichotusimamisha mapema ni kifungu cha mpangilio. Kwetu tangazo jipya ndilo linalokaa juu, basi. Wao walitaka anayelipa ndiye akae juu, hata kama tangazo lake limeshalala wiki mbili. Ili tusibishane hewani, mwenzetu mmoja alikuwa amechapa matangazo 60 ya vyumba vya Sinza, Tabata na Kimara, akayakata vipande vipande na kuyapanga mezani kama yalivyokuwa kwenye tovuti. Kisha akayapanga upya kwa masharti ya mkataba, madalali wenye matangazo mengi wakitangulia.

Tangazo la pili kutoka juu lilikuwa la mama mmoja wa Tabata. Chumba kimoja, Sh 70,000 kwa mwezi, kodi ya miezi mitatu, Luku ya kujitegemea, maji ya kisima, choo cha kuchangia na wapangaji wawili. Hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Kwa mpangilio mpya likashuka hadi nafasi ya 43, yaani ukurasa wa tatu. Mtu anayetafuta chumba kwa bando la siku hafiki huko.

Na waliompita yule mama tulikuwa tunawafahamu kwa kazi zao. Lipo tangazo la chambo: chumba kizuri cha Sinza kwa bei ya Mbagala. Ukipiga simu unaambiwa, "Hicho kimeshachukuliwa, ila kipo kingine, njoo na elfu ishirini ya kukuonyesha." Unazungushwa mchana kutwa na hela hairudi. Dalali halali hula kodi ya mwezi mmoja baada ya mteja kupata nyumba. Huyu wa chambo anakula kwenye kuonyesha, kwa hiyo anahitaji simu nyingi, siyo nyumba nyingi. Nafasi ya juu ya kulipia ingekuwa halali yake.

Dhidi ya watu hawa tulikuwa na kanuni ambazo mkataba uliziita vikwazo vya ukuaji. Tangazo la chumba halipandi bila bei, idadi ya miezi ya kodi, hali ya Luku na hali ya maji. Linajifuta baada ya siku 21 mwenyewe asipolihuisha. Kila picha inachukuliwa alama yake ya kidijitali, na picha ileile ikitokea Kimara leo na Tabata kesho, matangazo yote mawili yanazuiwa mpaka mtu ayaangalie kwa macho. Tangazo la kazi linalodai hela ya fomu au ya vipimo linaondolewa siku hiyohiyo. Picha zinapunguzwa hadi KB 80, kwa sababu ukurasa mzito unamfukuza mwenye simu ndogo kabla hajasoma neno.

Kisha tukafika kwenye namba za simu. Kifungu kilisema mnunuzi atapata "taarifa za watumiaji kwa ajili ya huduma shirikishi". Maana yake ni orodha ya namba za watu pamoja na kile wanachouza au kutafuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mtu aliyetupa namba ili auze kabati hakutupa ruhusa ya kuuziwa mikopo. Ila hata pasingekuwa na sheria tungekataa. Nchi nzima inazijua zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii". Namba ya mtu anayetafuta chumba ni mali kwa tapeli, maana anajua mtu huyo ana kodi ya miezi kadhaa mkononi. Ndiyo maana kwetu namba haionekani mpaka uibonyeze, kila mgeni ana kikomo cha kufungua namba kwa siku, na siku 90 baada ya tangazo kuisha namba inafutwa kabisa.

Kuhusu hisa, kisa cha Craigslist, tovuti ya matangazo madogo ya Marekani, ndicho kilichomaliza mjadala. Craig Newmark aliianza San Francisco mwaka 1995 kama orodha ya barua pepe, na ikabaki bure kwa karibu kila mtu huku waajiri wa miji kadhaa wakilipia. Lakini mfanyakazi mmoja wa zamani alikuwa na hisa zake, na mwaka 2004 akaziuza kwa eBay, kampuni kubwa ya mnada wa mtandaoni, zaidi ya robo ya Craigslist. Mwaka 2007 eBay ikafungua Marekani tovuti shindani, Kijiji. Mwaka 2008 wakafikishana mahakamani Delaware, na hisa zile zilirudi mwaka 2015 tu. Mlango ulifunguliwa na hisa za mtu mmoja.

Usiku ule tukakubaliana kusajili kampuni yenye ukomo wa dhamana, isiyo na hisa. Pasipo na hisa hakuna cha kumnong'oneza mmoja wetu auze. Kikoa nacho, yaani anwani ya tovuti mtandaoni, ambacho kilikuwa kwa jina la fundi wetu, kihamishwe kwenda jina la kampuni, na nywila za seva ziwe kwa watu wawili. Jambo hili watu hulipuuza sana. Katiba ya kampuni iwe nzuri namna gani, mwenye kikoa ndiye mwenye tovuti.

Likabaki suala la hela. Gharama iliyotuuma zaidi ilikuwa SMS za uthibitisho, kama Sh 20 kila moja, na matapeli walikuwa wanaomba nyingi kwa makusudi. Tukaacha kutuma, tukamwambia mtangazaji atubipu. Simu ya kawaida ya Android iliyoko kwenye chaji inasoma namba iliyobipu, inaipeleka kwenye seva, tangazo linafunguka. Haimgharimu yeye wala sisi. Udhaifu wake ni kwamba namba ya mpigaji inaweza kughushiwa, kwa hiyo matangazo ya kazi na ya vyombo vya moto tuliyaachia SMS.

Upande wa mapato, tukawatoza wanaoingiza faida tu: mwajiri Sh 10,000 kwa tangazo, dalali Sh 5,000 kwa mwezi kwa matangazo kumi, bila kumpandisha yeyote juu. Anayepangisha chumba chake, anayeuza kitanda, fundi na anayetafuta kazi hawalipi kitu.

Barua ya kukataa tuliiandika palepale, aya mbili. Wa kwanza kulipa kwa bei mpya alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbezi, aliyetafuta dereva wa kirikuu.