Kurasa 71

Mwaka 2010, mwezi ule wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na sina la kufanya. Mama mdogo akaniweka kwenye steshenari yake pale Nyegezi, Mwanza, kando ya barabara iendayo Malimbe, wanakopita wanafunzi wa chuo. Kazi yangu ilikuwa kutoa kopi, kuprinti, kubaindi, na kuwaambia watu kwamba chenji hakuna.

Kompyuta ilikuwa moja. Ilikuwa na Windows XP na Office 2007, zote zimepigwa na fundi mmoja wa mjini kwa elfu kumi na tano, na soda juu. Leseni tuliyoijua sisi ni ile ya biashara iliyoning'inia ukutani. Taabu ilianza siku niliyochomeka modemu ili mteja atume barua pepe. XP ikajisasisha kimyakimya, na tangu hapo kikawepo kinyota cha bluu kona ya chini kulia kikituambia kwamba huenda tumeuziwa bandia. Halafu kila baada ya saa moja picha ya skrini inafutika, panabaki weusi mtupu. Mama mdogo alikuwa ameweka picha ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani pale Mwanza. Nikawa nalirudisha jiwe ziwani kila saa, kama mtu anayelisha kuku.

Alhamisi moja, kwenye saa nne asubuhi, akaingia mama mmoja ana vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie, nimeshachelewa."

Alikuwa mwalimu wa sekondari huko Sengerema, anajiendeleza kwa shahada. Alikuwa amevuka na kivuko cha Kamanga asubuhi ile, akapanda daladala hadi kwetu. Ripoti yake ya utafiti ilikuwa kwenye flashi, na mwisho wa kuikabidhi ilikuwa saa tisa alasiri. Nikaichomeka. Folda zote zilikuwepo: "Ripoti", "Hojaji", "Picha za Send-off". Ila kwenye safu ya ukubwa kila moja iliandikwa kilobaiti mia na kitu, tena zote sawasawa. Folda ya kweli kwenye XP haiandikwi ukubwa pale. Hivi vilikuwa virusi vimevaa koti la folda, na folda zenyewe zimefichwa nyuma yake. Bahati nzuri sikubofya. Bahati mbaya, mwalimu alishabofya kwenye kompyuta ya shuleni, wiki nzima.

Nyumbani nilikuwa na CD ya Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Wakati huo Canonical, kampuni iliyoko Uingereza, ilikuwa inamtumia CD mtu yeyote aliyeomba, bila senti, mpaka hata posta walilipa wao. Yangu ilifikia sanduku la baba, toleo 9.10, maana yake mwezi wa kumi mwaka 2009. Nilikuwa nimeiwasha mara mbili tatu kwa kujifurahisha tu, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi kutoka kwenye CD yenyewe bila kugusa kilichomo kwenye kompyuta. Nikamwomba mama mdogo dakika kumi nikimbie kuileta.

Iliwaka polepole, CD ikiguna kama mashine ya kusaga. Skrini ikaja ya rangi ya kahawia. Nikafungua flashi, na folda za mwalimu hizo hapo, za kweli, zimekaa foleni pamoja na zile bandia. Ubuntu haikujali ile alama ya kuficha ambayo virusi vilizibandika. Kwake yeye cha kufichwa ni kile ambacho jina lake linaanza na nukta, basi. Na virusi vyenyewe vilikuwa vimelala tu, vijifaili vya exe, programu za Windows, visivyo na pa kufanyia kazi.

"Gashi!" mwalimu akasema, na akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza.

Sifa zile zilinipanda kichwani. Nikafungua ripoti kwa OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia kama Word, na nikaanza kuprinti palepale. Printa ilishatambulika yenyewe. Ukurasa wa kumi na kitu ulipotoka, mwalimu akauchukua, akausoma, akaacha kutabasamu. Sura ya Pili ilikuwa imeanza katikati ya karatasi. Nikatazama chini ya dirisha: kurasa 71. Yeye aliiacha na kurasa 62. Na namba zote za kwenye Yaliyomo alikuwa ameziandika kwa mkono, moja moja, na nukta zake akibonyeza mpaka mwisho wa mstari. Sasa nukta zilivunjika zikashuka mstari wa pili, namba zikasimama peke yake kama abiria walioachwa na basi.

Kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kutazama kabla ya kuprinti. Aliandika kwa Calibri, ile fonti, yaani umbo la herufi, ambayo Word 2007 inaanza nayo usipochagua nyingine. Calibri ni mali ya Microsoft na haimo kwenye CD ya bure, kwa hiyo OpenOffice iliweka DejaVu Sans mahali pake, fonti yenye mabega mapana. Kila mstari ukajaa mapema. Angetumia Times New Roman nisingekuwa na cha kusimulia, kwa sababu tangu 2007 kampuni ya Red Hat walishatoa fonti za Liberation, ambazo herufi zake zina upana uleule wa Times na Arial. Ndugu wa namna hiyo wa Calibri alikuwa hajazaliwa.

Mama mdogo alikuwa anasikiliza huku anabaindi. "Ile ya fundi ya bure, hii nayo ya bure," akasema. "Sasa mbona zote zinanidai?"

Saa saba ilishapita. Ndipo nikakumbuka kwamba Calibri tunayo, imelala kwenye diski ya XP humo humo ndani, mita sifuri. Ubuntu ilikuwa inaisoma diski ile bila matata. Nikaingia folda ya Windows, kisha Fonts, nikachukua mafaili manne: la kawaida, nene, mlazo, nene la mlazo. Nikatengeneza folda ya .fonts, hiyo yenye nukta mbele, nikayamwaga humo, nikafunga OpenOffice na kuifungua upya. Halali ikakopa kwa haramu. Kurasa 63. Jedwali moja lilikuwa limesukuma mstari mmoja upande wa pili. Nikafuta nafasi tupu juu yake. 62.

Tuliprinti huku mwalimu anahesabu kwa sauti na mimi naomba umeme usikatike, maana vyote nilivyofanya vilikuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. Saa nane na robo mama mdogo alikuwa anapitisha pete ya plastiki kwenye matundu.

"Na hiyo CD," mwalimu akauliza akifungua pochi, "mnauza shilingi ngapi? Pale shuleni tunaihitaji."

Nikafungua mdomo kusema ni ya bure. Mama mdogo akaniwahi: "Elfu mbili."

"Mama mdogo, imeandikwa juu yake kwamba—"

"CD ni ya bure. Elfu mbili ni ya mbio zako za kwenda nyumbani."

Niliona haya kwa miaka, mpaka nilipokuja kuisoma leseni ya GPL, ile ya programu nyingi za bure kama zilizomo kwenye CD ile, na kukuta inaruhusu kabisa mtu kutoza pesa kwa kusambaza nakala. Mwalimu alilipa bila kubembeleza, akaifunga CD ndani ya khanga pamoja na ripoti, akatoka mbio.

Nikawasha tena XP. Jiwe la Bismarck likarudi, maji yake ya bluu, ndege wake juu. Saa tisa na nusu likafutika.