Kutoka mkeka wa renji hadi nyasi za uwanjani

Mkeka wa renji, yaani kiwanja cha mazoezi ya gofu, husitiri mengi. Fimbo ikigonga nyuma kidogo ya mpira, inateleza juu ya plastiki na kuufikia mpira vilevile, nao unaruka vizuri tu. Kwenye nyasi fimbo ileile inachimba udongo, mpira unasogea hatua chache, na wenzako wanatazama pembeni kwa adabu.

Mimi nilijifunzia Golf Park, ile iliyo katikati ya uwanja wa mbio za farasi pale Barabara ya Ngong, Nairobi. Nilipoanza kucheza mashimo ya uwanja wenyewe, jambo la kwanza kushughulikia lilikuwa hilo la kuchimba. Nilirudi renji na taulo ndogo, nikawa nailaza nyuma ya mpira, nikiacha nafasi ya upana wa kiganja. Ukigonga mapema, taulo inaruka, na siku za mwanzo taulo yangu iliruka kweli kweli. Uwanjani nako nikawa nainama kutazama kovu la udongo baada ya kila mkwaju: likianzia mbele ya pale mpira ulipokuwa, mambo ni sawa, hata kama mpira wenyewe umepotelea mitini.

Halafu kuna ile ndoo ya mipira. Renji unapiga fimbo namba 7 mfululizo hadi mwili unajiendea wenyewe. Uwanjani unaipiga mara moja, unatembea, unangoja walio mbele, kisha unatakiwa kutoa weji, fimbo ya mipigo mifupi ya juu. Kwa hiyo nikaanza kucheza mashimo kichwani: draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, kisha namba 8, kisha weji, kila mpira na shabaha yake, na kila mara nasimama kwanza nyuma ya mpira kuitazama ile shabaha. Ndoo ilichelewa kwisha na mipira ilienda ovyo kuliko nilivyozoea. Jirani aliyekuwa akipiga draiva moja baada ya nyingine alionekana bingwa kando yangu. Hata hivyo, mazoezi hayo ndiyo yaliyonisaidia kuliko yote, maana uwanjani nikaacha kushtuka kila ninapobadilisha fimbo.

Mengine nilifundishwa na kedi, mzee aliyebeba mifuko ya fimbo za watu kwa miaka mingi. Majani marefu ya huku kwetu mengi ni nyasi za kikuyu, na nyasi hizi hukamata shingo ya fimbo zikaugeuza uso wake, mpira ukaenda kushoto au usiende kabisa. Siku moja nilishika namba 6 katikati ya majani hayo.

"Bosi, hapa toa weji, turudi njiani kwanza."

"Lakini mzee, zimebaki mita 150 tu."

"Hizo 150 hazitoroki."

Nikatoa weji. Ndiye pia aliyenionyesha kwamba mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu, sisi tunaopiga kwa mkono wa kulia tulenge kulia kidogo, kwa kuwa utavuta kushoto. Mkeka haukufundishi hayo, hauna mteremko.

Umbali nao niliupima upya. Mipira ya renji mara nyingi imechakaa na haifiki mbali, ilhali Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na mpira mzuri hupaa mbali kuliko ungepaa Mombasa. Nikaweka kijitabu mfukoni na kuandika kila fimbo imefika wapi uwanjani. Fimbo zenyewe nilizipunguza. Sheria inaruhusu 14, mimi nabeba nusu yake, na kedi hajalalamika.

Mpira ukipotea, tangu 2019 kanuni zinatoa dakika 3 za kuutafuta. Mimi huwa naachana nao mapema zaidi kama kuna watu nyuma yetu, kwani mgeni anayecheza vibaya lakini kwa haraka huvumiliwa. Draiva bado inanisumbua pale tii ya kwanza, mahali pa kuanzia, watu wakiwa wamejaa. Naiacha kwenye mfuko wa fimbo, napiga namba 5, na tunaanza kutembea.