Vitunguu vya maua kwenye vyungu: ukame ndio baridi yetu

Anayetaka kuotesha maua ya vitunguu, yaani yale yanayochipua kutoka kwenye kitunguu mfano wa kitunguu maji, hapa Mtwara aanze kwa kuzisahau tulipu, hata picha zake zikimvutia namna gani. Kitunguu cha tulipu huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi ndipo ua lililojificha ndani yake lirefuke na kutoka vizuri, ilhali kwetu hata usiku wa Julai, upepo wa kusi ukivuma na watu wakilalamikia baridi, joto halikaribii kiwango hicho. Wapo wanaoviweka kwenye friji, na ua huweza kutoka, lakini jua letu hulinyausha upesi na mwaka unaofuata kazi huanza upya. Mimi sioni faida yake.

Vinavyotufaa ni vitunguu ambavyo hupumzishwa na ukame. Mikoa ya Mtwara na Lindi ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha ardhi hukauka kwa miezi mingi mfululizo, na hiyo ndiyo ratiba inayofuatwa na Scadoxus multiflorus, mmea wa asili nchini Tanzania. Mvua za kwanza zikinyesha, bua lenye madoadoa ya zambarau huchomoza, mara nyingi kabla ya majani, na juu yake hufunguka mpira wa vijiua vyekundu vinavyoweza kufikia 200. Ukiusogelea utaona kila uzi mwekundu umebeba chembe ya manjano nchani. Hippeastrum, yenye maua makubwa mfano wa tarumbeta, asili yake ni Amerika Kusini, lakini nayo huridhika na utaratibu huohuo.

Hapo ndipo chungu kinapoishinda bustani, kwa sababu mwenye chungu ndiye anayeamua lini mvua ikome. Majani yakianza kuwa manjano mimi hupunguza maji, kisha huacha kabisa na kukisogeza chombo barazani, mahali pakavu. Majani mabichi hayakatwi, maana ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ajili ya ua la mwaka ujao. Hippeastrum hutosheka na wiki 8 hadi 10 za kiu. Scadoxus mimi huiacha humohumo chomboni, kwani haipendi kung'olewa mara kwa mara.

Chombo chenyewe kinaweza kuwa chungu cha udongo, ndoo iliyopasuka mdomo au kopo la rangi lililosafishwa vizuri, mradi kitako kiwe na matundu ya kutosha. Udongo wangu ni mchanga, mboji na samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa. Mchanga wa ufukweni, ingawa uko karibu na ni wa bure, una chumvi. Maganda ya korosho nayo, ambayo kwetu hayana uhaba, yana mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo siyachanganyi humo. Hippeastrum hupandwa shingo ikiwa nje ya udongo, na kati ya kitunguu na ukingo wa chungu huachwa nafasi ya vidole viwili. Chungu kikubwa mno hushika maji kuliko mizizi inavyoweza kuyanywa.

Maji hayo ndiyo adui mkubwa kuliko wadudu. Katika mvua nzito, chungu kilichowekwa pale matone ya bati yanapoangukia hufurika kutwa nzima, na kitunguu huanza kuoza kitakoni huku majani yakiwa bado yanapendeza. Kikibonyezwa kwa kidole gumba kikabonyea na kutoa harufu, hakina tena tiba.

Vitunguu vilivyong'olewa visiwekwe jikoni hata kwa siku moja. Vya Hippeastrum hufanana mno na vitunguu maji, navyo vina sumu inayosababisha kutapika. Vyangu hukaa kwenye kikapu kilichotundikwa stoo, mbali na watoto na mbuzi.