Usimlaumu anayerusha

Mpira ukitoka nje katika mechi ya watoto, watu wazima wote kando ya kiwanja hupumzika. Mzee anarudi kwenye simu yake, mama anamwita muuza karanga, na vijana wa boda waliokalia pikipiki zao wanaendeleza ubishi wao kuhusu Arsenal. Mimi ndipo ninaposimama. Kwa watoto wa miaka 10 hadi 13, tena kwenye kiwanja chembamba kama hiki chetu cha hapa Busia, mpira hutoka nje mara nyingi kuliko kona, faulo na goli zote ukizijumlisha. Kila ukitoka pembeni, timu moja inapewa mpira mkononi kabisa iurushe, na wapinzani wanatakiwa wakae mita 2 mbali na anayerusha. Halafu timu hiyo inaurusha mbele kwa nguvu zote, unatua kwenye kifua cha beki wa upande wa pili. Wamepewa mali, wameigawa. Na kando ya mstari kila mtu anamfokea mtoto aliyerusha.

Mimi sikutokea kwenye soka. Nimecheza netiboli tangu shule ya msingi, na Uganda netiboli si mchezo wa kupoteza muda: She Cranes, timu yetu ya taifa, walimaliza nafasi ya 5 kwenye Kombe la Dunia la 2023 kule Cape Town. Soka niliingia kwa sababu watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanacheza kila jioni bila mtu mzima, karibu mno na barabara inayopita malori ya forodha. Nilianza kwa kuwafukuza barabarani, nikaishia kuvaa filimbi shingoni. Mitumba ninayouza sokoni ndiyo inayowavalisha vizibao: fulana ambazo hazikupata mnunuzi, nyekundu upande huu, nyeupe upande ule.

Sasa, mtu wa netiboli akitazama mpira wa kurusha, haangalii mikono ya anayerusha. Kwenye netiboli ukishadaka mpira huruhusiwi kukimbia nao, na una sekunde 3 tu uwe umeuachia. Kwa hiyo kazi karibu yote iko kwa wasio na mpira. Wakilala wao, wewe umekwisha hata uwe na mikono ya dhahabu. Nilipowatazama watoto wangu nikaona mmoja kashika mpira juu ya kichwa, anageuka kulia, anageuka kushoto, na wenzake wote wamesimama wima kama abiria wanaosubiri basi la Kampala. Kila mmoja ana mpinzani mgongoni. Wote wanapiga kelele "Nipe! Nipe!" na hakuna anayeondoka alipo. Huyo mtoto arushe kwa nani?

Ongeza na hesabu hii, ambayo makocha wengi huisahau. Anayerusha yuko nje ya mstari. Ndani ya kiwanja timu yake imepungukiwa mtu mmoja, na wapinzani wako kamili. Ndiyo maana kila mtu anaonekana kakabwa. Wapinzani ni wengi kweli. Lakini upande wa pili wa hesabu ni mtamu zaidi: akishaurusha na kuingia uwanjani, yeye ndiye mtu pekee asiyekabwa na yeyote. Sheria inamkataza kuugusa tena kabla haujaguswa na mchezaji mwingine. Haimkatazi kurudishiwa.

Basi mazoezi yetu yanaanza bila miguu kabisa. Nachora mraba kwa jembe, upana kama hatua kumi na mbili za mtoto, watatu wana mpira, wawili wanawakaba. Mpira kwa mikono tu, huruhusiwi kutembea nao, sekunde 3 nazihesabu mimi kwa sauti. Wavulana walinuna mwanzoni, eti mchezo wa wasichana. Wasichana wa timu, ambao shuleni wanacheza netiboli, wakawatia adabu, manung'uniko yakaisha. Kinachotokea ndani ya mraba ule hakihitaji hotuba. Mtoto anagundua mwenyewe kwamba akisimama hapati mpira. Akikimbia moja kwa moja anafuatwa. Lakini akienda hatua mbili huku, akageuka ghafla kule, mkabaji anabaki amekanyaga hewa.

Wakishaizoea, namtoa mmoja nje ya mstari, naye anarusha kwa kanuni za soka, na wapokeaji sasa wanatumia miguu. Neno ninalorudia ni moja: "Mmoja aje, mmoja aondoke." Anayekuja kwa mrushaji anamvuta mkabaji wake. Nafasi aliyoiacha nyuma yake ndiyo mali, na mwenzake anaingia pale. Mara nyingine yule anayekuja ndiye anayepewa, mpira wa miguuni, anaugusa mara moja tu kumrudishia aliyerusha, ambaye keshaingia ndani na ana muda wa kuinua kichwa. Watoto wakiliweza hilo la pili peke yake, nusu ya shida imeondoka.

Nasisitiza miguuni. Watoto wanapenda kurushia vichwa kwa sababu ndivyo wanavyoona kwenye kibanda cha video wikendi. Mpira unaomfikia mtoto kichwani akiwa na mkabaji mgongoni hauna mwenyewe; unaruka popote. Na zaidi ya hapo, ni kichwa cha mtoto. Marekani tangu 2015 shirikisho lao la soka limezuia watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga mpira kwa kichwa, na Uingereza nao wanauondoa hatua kwa hatua kwenye mechi za watoto wadogo. Sisi hatuna haja ya kusubiri barua. Rusha chini, udunde mara moja mbele ya mguu wa mwenzako, au umfikie kwenye goti.

Mikono nayo ina mambo yake, nisije nikaonekana naidharau. Makosa ninayoyaona ni mawili zaidi ya yote. La kwanza, mtoto anauanzia mpira kwenye paji la uso, anausukuma tu. Sheria inataka utoke nyuma ya kichwa na upite juu yake, kwa mikono yote miwili. Dawa yangu: mpira uguse kisogo kwanza. Asipousikia kwenye kisogo, hajaanza. La pili, anataka nguvu, hivyo mguu wa nyuma unanyanyuka na refa anapuliza. Sehemu ya kila mguu lazima iwe chini wakati mpira unatoka mkononi. Hapa nawaambia waburuze ncha ya kiatu, na wasio na viatu waburuze kidole gumba. Mstari unaobaki kwenye vumbi ndio ushahidi. Tunaenda kukagua vumbi pamoja. Wanapenda sana ukaguzi huo, hata waliokosea.

Kuna jambo la tatu ambalo si kosa la mtoto hata kidogo. Mipira tunayopata ni namba 5, mzingo wa sentimita 68 hadi 70, mpira wa watu wazima. Mtoto wa miaka 9 akiushika kwa nyuma, viganja havifiki. Mkono mmoja ndio unaurusha na mwingine unasindikiza tu. Namba 4 ndiyo saizi yao, lakini tunayo mmoja tu na una kiraka. Kwa hiyo wadogo wanajifunzia kwa mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa kamba vizuri. Haudundi, ni kweli, lakini unakaa mkononi, na mazoea ya mikono miwili yanaingia. Wakiwa nyumbani kila mmoja anaweza kujitengenezea wake.

Tuje kwa marefa. Kwenye mechi moja msichana wangu alirusha vidole vyake vya miguu vikiwa ndani ya kiwanja na visigino juu ya mstari wa majivu. Filimbi. Mpira ukapewa wengine. Baada ya mechi nikamfuata refa, kwa heshima, maana naye ni mtu anayejitolea Jumamosi yake.

"Mwalimu, pole kwa kazi. Yule mtoto alikosea nini?"

"Madamu, alikanyaga ndani."

"Kisigino kilikuwa juu ya mstari, mwalimu."

"Lakini vidole vilikuwa ndani."

Tukasimama pale tukichorana miguu kwenye vumbi kwa kijiti. Sheria ya 15 ya soka, ile ya mpira wa kurusha, inasema sehemu ya kila mguu iwe juu ya mstari wa pembeni au nje yake. Sehemu, si mguu mzima. Kisigino juu ya mstari kinatosha. Alikubali akicheka, ila goli tulilofungwa kutokana na filimbi ile halikurudi.

Ubishi mwingine: mpira ukirushwa, ukadunda nje kabla ya kuingia kiwanjani, watu wanadai wapewe wapinzani. Hapana. Timu ileile inarusha upya pale pale. Na ule unaozunguka hewani baada ya kurushwa si kosa kwa kuzunguka tu. Kwa wadogo kabisa, kwenye mazoezi yetu, mimi hata kosa halisi sigawi mpira kwa wengine. Nasimamisha, namwonyesha, anarudia. Ukimnyang'anya mtoto wa miaka 8 mpira mara tatu kwa sababu ya mguu, ya nne atakuachia wewe urushe.

Lipo ambalo watoto wanalifurahia kuliko yote, nalo ni kwamba hakuna kuotea mpira unapotoka moja kwa moja kwa mrushaji. Imekuwa hivyo tangu 1920, na bado utaona mabeki wa watoto wakipanda juu kwa mkono hewani wakimlilia refa. Mshambuliaji wangu mfupi anakwenda kusimama nyuma yao wote, peke yake na kipa, ametulia kabisa. Nimemwonya tu kwamba akishaugusa yeye na kumpasia mwenzake, ruhusa ile imekwisha, kuotea kunarudi kama kawaida.

Na kurusha nyuma! Jamani, kurusha nyuma si woga. Beki wa kati yuko wazi, kipa yuko wazi, na wapinzani wote wamejazana mbele. Rusha nyuma, mchezo uhamie upande wa pili ambako hakuna mtu. Kipa tu akumbuke hawezi kuudaka kwa mikono mpira uliorushwa na mwenzake. Autulize kwa mguu. Kipa wetu ameiweka sheria hiyo kichwani kwa njia yake: akiona mpira wa kurusha unamjia, anafunga mikono mgongoni. Anaonekana kama mkaguzi wa shule, lakini hajakosea bado.

Wapo baba wawili watatu wanaotaka nifundishe kurusha mbali. Wamemwona Rory Delap wa Stoke City kwenye video za zamani, ambaye shuleni alikuwa mrusha mkuki, na siku hizi Ligi Kuu ya Uingereza mipira mirefu ya kurusha imerudi kwa kishindo. Nawaelewa. Lakini mtu anayejulikana zaidi duniani kwa kazi hii, Thomas Grønnemark wa Denmark, mwaka 2010 alirusha mita 51.33, rekodi ya dunia ya wakati ule, kwa kupiga sarakasi kwanza. Liverpool walipomwajiri mwaka 2018, kazi aliyowafanyia haikuwa kuwajaza mipira mirefu langoni. Ilikuwa kuwafundisha kubaki na mpira baada ya kurusha: nani ahame, lini, kwenda wapi. Wachezaji wa kulipwa wa Liverpool walihitaji kufundishwa kujinasua, sembuse mtoto wa darasa la tano. Nikamwambia mzee mmoja, "Baba, mabega ya huyu bado yanakua. Akifika miaka 16 na bado anataka, tutazungumza." Sarakasi nimeipiga marufuku bila mjadala, maana tulishaanza kuona majaribio karibu na kichuguu.

Upande wa barabara tuna kanuni yetu ambayo haimo katika sheria ya 15. Mpira ukiingia chini ya lori, hakuna mtoto anayeufuata. Naufuata mimi au mzazi, dereva akishapungiwa mkono. Wapinzani wanaokuja kwetu kwa mara ya kwanza hudhani tunapoteza muda. Sisi muda ule tunautumia: watoto wanapanga nani aje na nani aondoke, na lori likishapita kila mtu anajua kazi yake.

Jumamosi tunavuka mpaka kucheza na jirani zetu wa Busia ya Kenya. Kocha wao husoma ninayoandika hapa, kwa hiyo mbinu ya kona ya kushoto siigusi. Hii ya kurusha ajue tu. Hata akiijua, itabidi awakimbize watoto wake.