Laini mbili zisizokufa kwa sababu moja: intaneti ya kazi ukiwa nyumbani, Dar na nchi za jirani

Mtu akitaka kufanya kazi ya ofisi iliyo London au New York huku amekaa Sinza, swali la kwanza huwa ni "una Mbps ngapi?", yaani kasi ya intaneti. Kusema kweli, Mbps 10 zilizotulia zinatosha. Kikao cha video cha watu kadhaa hula kama Mbps 1.5 kwenda na 1.5 kurudi. Kinachokufanya uonekane umeganda kwenye kioo ni pakiti, yaani vipande vya data, zinazopotea njiani, na laini ambayo dakika hii iko sawa, dakika ijayo haiko.

Kwa hiyo pima utulivu, na upime saa za kazi yako. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni ya Dar katika kiangazi chao, na saa kumi na moja jioni wakati wa baridi. Maana yake kazi yako inaangukia saa mbili hadi saa nne usiku, muda ambao mtaa mzima uko kwenye video na tamthilia. Kipimo cha saa nne asubuhi hakikwambii lolote. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping -n 200 1.1.1.1 kama ni Windows, au ping -c 200 1.1.1.1 kwenye Mac na Linux. Pakiti zilizopotea zikizidi asilimia 1, sauti itaanza kukatika. Namba za muda (ms) zikirukaruka kutoka 20 hadi 300, hali ni hiyohiyo hata kama kipimo cha kasi kinakupa Mbps 40.

Fanya hivyo kabla ya kulipa kodi. Hapa mjini unaweza kudaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali hajawahi kuonyesha nyumba yenye mtandao mbaya. Nenda na simu yenye laini za kampuni mbili tofauti, simama kwenye chumba utakachofanyia kazi, funga mlango na madirisha. Vile vistari vya mnara juu ya kioo visikudanganye. Ukiwa na ruta ya 4G, ingia kwenye ukurasa wake, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, utafute RSRP (nguvu ya ishara ya mnara) na SINR (usafi wake). RSRP ya -85 ni nzuri, -100 inavumilika, ikishuka chini ya -110 achana nayo. SINR ndiyo ya kutazama zaidi, maana inaonyesha ishara inavyozidi kelele: 15 na kuendelea ni safi, karibu na 0 ni taabu. Vistari vimejaa lakini SINR iko 2? Minara inaingiliana. Sogeza ruta dirisha la upande mwingine wa nyumba. Ukuta wa tofali za saruji na paa la bati hula mawimbi kuliko watu wanavyodhani.

Faiba na umeme

Faiba ikifika mtaani kwako, ichukue iwe laini kuu. Faida yake kubwa Dar ni umeme kuliko kasi. Kwenye GPON, mfumo wa faiba unaotumika sana majumbani, vigawanyishi vya mwanga kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako havihitaji umeme hata kidogo. TANESCO wakikata, ukawa na betri ndogo tu ya kiboksi cha faiba na ruta, kazi inaendelea ilimradi kituo kina jenereta au betri. Muulize fundi kabla hajapanda nguzo: ni faiba mpaka ndani, au inaishia kwenye swichi iliyochomekwa kwa jirani? Kampuni ndogo nyingine hufanya hilo la pili, na umeme wa jirani ukikatika nawe umekatika.

Kiboksi kina taa ya LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatwa na wachimba barabara, tawi limeuangukia, au umeukunja sana nyuma ya kabati. Usiukunje duara dogo kuliko glasi ya chai. Kuzima na kuwasha ruta hakusaidii chochote hapo. Piga simu, taja LOS, utaepuka maswali kumi ya awali.

Betri ndogo ya ruta hupatikana Kariakoo. Soma maandishi chini ya ruta na kiboksi: vyote viwe volti 12, ujumlishe ampia zake, na pini iwe ya saizi yake, mara nyingi 5.5 kwa 2.1 mm. Kifaa cha volti 9 usikichomeke kwenye tundu la 12. Betri iliyoandikwa mAh 10,400 hupimwa kwa volti 3.7, yaani Wh 38 hivi, na baada ya hasara ya kubadilisha volti unabaki na kama 32. Ruta na kiboksi vikila wati 12 kwa pamoja, una saa mbili na nusu. Hiyo ni kama namba ya kwenye boksi ni ya kweli, na mara nyingi siyo. Chomoa umeme Jumapili, uhesabu mwenyewe.

Laini ya pili

Iwe 4G au 5G ya kampuni nyingine. Shida yake ni kwamba umeme wa mtaa ukikatika, kila aliyekuwa kwenye waifai anahamia mnara uleule kwa dakika moja, na kasi inashuka. Ndiyo maana betri ya faiba inakuja kwanza, bando la akiba baadaye. Ruta yenye tundu mbili za WAN, yaani za kuingizia intaneti, huhama yenyewe laini kuu ikifa. Usipokuwa nayo, hotspoti ya simu inatosha, mradi umeijaribu kabla ya siku ya kikao.

Zipo siku ambazo laini mbili hazikusaidii. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na faiba na simu vikazorota pamoja kwa sababu vyote vinapita humo. Siku kama hiyo zima kamera, omba kikao kiwe cha simu ya kawaida.

Kuna adui wa ndani ya nyumba pia: picha za simu zinazopakiwa wingu wakati unaongea. Njia ya kupakia ikijaa, sauti yako inasubiri foleni. Kwenye ruta tafuta QoS au SQM, mipangilio ya kupanga foleni ya data, weka kikomo cha asilimia 85 ya kasi uliyopima. Na kompyuta ya kazi iunganishe kwa waya wa mtandao wa Cat5e, unafika mita 100 bila tatizo.

Kwa bando la simu, piga hesabu: Mbps 3 kwa saa ni MB 1,350. Saa tatu kwa siku, siku 22, ni karibu GB 90. Ukizima kamera yako unaokoa upande mmoja tu. Video za wenzako bado unazipakua. Na kifurushi "bila kikomo" ukiulizie kasi inashuka kuwa ngapi baada ya GB fulani, maana kikomo hakikosi.

Ukihamia nchi nyingine kwa miezi

Nairobi na Kampala pini ni zetu hizihizi za mraba. Kigali ni mbili za duara, Johannesburg tatu kubwa za duara. Ruta iliyonunuliwa Marekani iangalie kama ina bendi ya 3 ya MHz 1800, inayotumika sana huku. eSIM ya wasafiri, laini isiyo na kadi, huwa na kasoro isiyosemwa: trafiki yako mara nyingi hupelekwa kwanza nchi ya kampuni iliyoitoa, kisha ndiyo itoke. Uko Kigali, unaongea na mtu wa Nairobi, sauti inazungukia Ulaya. Nunua laini ya hapo, uisajili kwa pasipoti yako, si kwa jina la mwenye nyumba. Ikiwa kwa jina lake ikapotea, atatakiwa yeye. Hapa Tanzania piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Starlink, intaneti ya setilaiti, ilianza Kenya mwaka 2023, ila kila nchi ina leseni yake, na sahani ya kawaida hula zaidi ya wati 50, hivyo ile betri ndogo sahau.

VPN ya ofisi, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa kazini: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliagiza wanaoihitaji kwa kazi watoe taarifa zao, basi mwajiri alijue hilo mapema. Laini yako ya benki na M-Pesa iache tundu la pili la simu, data ya nje imezimwa, ujumbe wa namba za siri uendelee kuingia. Ijaribu kabla hujapanda ndege: huduma ya nje ya nchi iwe imewashwa, kwa sababu kuiwasha ukiwa ugenini kunaweza kuhitaji ujumbe ambao hauwezi kukufikia.