Wanawake 14, vipande 42, blanketi moja

Mtu akiniambia blanketi la viraka ni kuunganisha mabaki tu, huwa namkaribisha nyumbani alione letu, kisha namweleza ni mara ngapi nimelifumua.

Tarehe 16 Machi 2020 ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini yuko Arusha, jirani zetu kabisa, sisi wanawake 14 wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Moshi tuliacha kukutana. Serikali haikutufungia ndani. Ila mimi naishi na mama yangu, ana sukari na presha, nikaona nijifungie mwenyewe, na wenzangu wengi wana wazee ndani pia. Shule zikafungwa, wageni wa Mlima Kilimanjaro wakakatika, vijana wetu wapagazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya cherehani, maana kila mtu alitaka barakoa za kitenge.

Mabaki ya barakoa yalijaa ndoo nzima. Nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: kila mmoja ashone vipande 3, inchi 12 kwa 12, atie chochote kinachoonyesha siku zake za nyumbani, anitumie niunganishe. Vikaja na makonda wa daladala kutoka Himo, Marangu na Kibosho, kila mzigo buku au buku mbili. Niliwasisitizia wafunge kwenye kiroba cha unga, kwa sababu masika ilikuwa imechachamaa na khanga ikilowa njiani inachuja. Nyekundu ndiyo mbaya zaidi. Ukitaka kuijua, lowanisha kitambaa cheupe, kiweke juu yake, upige pasi ya moto. Cheupe kikitoka na waridi, rudisha khanga kwenye beseni ufue tena mpaka maji yatoke meupe.

Tatizo lilikuwa vipimo. Kuna waliopima kwa tepu, kuna waliotumia rula ya shule ya mtoto, ile ya sentimita 30, ambayo haifiki inchi 12. Wengine walihesabu na nafasi ya mshono, wengine hawakuhesabu. Nilipopanga vipande vyote 42 sakafuni, kidogo kabisa kilikuwa inchi 11 na nusu na kikubwa kilifika 13.

Nikajaribu kulazimisha. Kikubwa nakikunja kidogo, kidogo nakivuta, nakanyaga cherehani. Safu ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali kwa shida. Nilipounganisha safu hizo mbili na kuzitandika kitandani, katikati pakavimba kama andazi na pembe hazikukutana hata moja. Nilibonyeza kwa kiganja, uvimbe ukahamia upande wa pili. Nikapiga pasi kwa maji, ukarudi katikati. Kumbe vile nilivyovivuta vilikuwa vimekatwa upande, havikufuata uzi wa kitambaa, kwa hiyo vilitanuka na havikurudi. Nilikaa usiku tatu nafumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na bado nikakwangua kitenge cha mwenzangu wa Pasua mahali pawili.

Nikampigia fundi mmoja anayefundisha ushonaji mjini. Akanijibu bila hata kuuliza viko vipi: "Dada, kata vyote vilingane na kile kidogo. Dakika kumi umemaliza." Ushauri huo uliniudhi na unaniudhi mpaka leo. Bibi yetu wa Kibosho, ambaye macho yamemfifia, alikuwa amedarizi kilele cha Kibo kwa uzi mweupe mpaka ukingoni kabisa mwa kitambaa. Ningekata inchi moja tu, kilele kingebaki kwenye ndoo ya mabaki. Alikishona kwa mkono, karibu na dirisha, wiki mbili. Nani ana haki ya kupitisha mkasi hapo?

Jibu nililipata ukutani kwangu. Picha yetu ya harusi ni ndogo kuliko fremu yake, na aliyeiweka ameizungushia karatasi nyeupe. Nikaagiza yadi 7 za merikani, kile kitambaa cha pamba kisicho na nakshi, kama elfu ishirini hivi, nikazifua kwanza ili zisije kusinyaa baadaye, nikachana mikanda ya upana wa inchi 3. Kila kipande nikakizungushia mkanda pande zote nne, mshono wa nusu inchi, pasi, kisha mwingine. Kidogo kikatoka inchi 15 na nusu, kikubwa 17. Hapo ndipo nilipotoa mkasi: nikakata boksi la sabuni kuwa mraba wa inchi 15, nikaliweka juu ya kila kipande, nikapunguza merikani peke yake. Kazi ya mtu haikuguswa. Sita kwa saba, blanketi likatoka futi 7 kwa futi 8 na ushee, limelala sawa kama maji ya mtungini. Bitana ni shuka la mtumba la soko la Memorial.

Na merikani ikafanya jambo sikulitarajia: kila kazi ikawa na uwanja wake. Sufuria ya makande ya Himo, barakoa ya mtoto wa Marangu, mgomba, redio, zote zinaonekana.

Tulikutana Julai, shule zikiwa zimeshafunguliwa. Tuliketi uwanjani kwa nafasi, blanketi juu ya mkeka. Bibi alipofika tukamwamkia, akaitikia, akapiga magoti akaanza kupapasa kipande kimoja baada ya kingine bila kusema kitu. Alipofika safu ya nne vidole vikasimama kwenye uzi. Akaufuata kupanda mpaka kileleni, akafika kwenye merikani, akarudi chini tena.

"Mwanangu," akaniita, "hamkukikata."

"Hatukukikata, bibi."

Sasa linazunguka, kila nyumba mwezi mmoja. Hivi leo liko Himo, na bibi ndiye anayefuata.