Vipele vya paji la uso na mashavuni, jinsi nilivyovimaliza

Wenye ngozi ya mafuta hapa Dar na hili joto mtanielewa, mimi vyangu vilikuwa vile vidogo vidogo visivyo na usaha, ukipapasa unasikia kama punje za mchele, vimejaa pembeni ya nywele na mashavuni, yaani palepale mafuta ya nywele yanaposhukia na faundesheni inapokaa nzito. Hii kitu inajulikana, watafiti wa ngozi Kligman na Mills waliiandika 1972, vipodozi vinaziba vitundu vya ngozi taratibu mno ndo maana watu hawastukii.

Nikaacha mafuta ya nazi usoni, Kariakoo nikatafuta faundesheni iliyoandikwa "non-comedogenic", yaani isiyoziba vitundu vya ngozi, brashi na sponji naosha kwa sabuni kila wiki naanika zikauke kabisa, na silali na mekapu hata nikitoka harusini nimechoka vipi. Famasi nikachukua benzoili peroksaidi ya 2.5%, dawa ya chunusi ya kupaka, napaka kidogo maana inakausha, na inatoa rangi foronya.

Mwanzoni hamna kitu, baadae paji likaanza kulainika, sasa hivi safi kabisa. Ila dada zangu, zile krimu za kung'arisha zenye klobetasoli, ile dawa kali ya steroidi, msiguse jamani, zenyewe zinaleta chunusi!